Kulegea, Kunyauka, Kupukutika: Utunzaji wa Maua Yaliyokatwa kwa Mwanga wa Vitenzi vya Kiswahili

Utangulizi

Mwishoni mwa muhula mmoja, wanachama wa chama chetu walinituma mjini kununua mawaridi ya kumuagia mwalimu wetu aliyekuwa akistaafu. Niliyanunua saa tatu asubuhi, nikayaweka juu ya meza kando ya dirisha, bila maji, karibu na sinia la ndizi mbivu zilizoandaliwa wageni. Hotuba zilikuwa nyingi, kama ilivyo desturi yetu. Mwalimu alipoinuka kupokea shada lake, saa nane mchana, mawaridi kumi kati ya kumi na mawili yalikuwa yameinamisha vichwa. Kwa fedheha nilimwambia, "Samahani sana, Mwalimu, maua yamekufa."

Akayatazama, kisha akanisahihisha kama alivyozoea kuzisahihisha insha zangu: "Hayajafa, mwanangu. Yamelegea. Ukikosea kitenzi, utakosea na dawa."

Kesho yake jioni alinipigia simu kunijulisha kwamba mawaridi tisa yalikuwa yamesimama wima mezani kwake.

Makala haya yanadhamiria kuifafanua kauli ile ya mwalimu. Hoja ya msingi ni kwamba Kiswahili kina vitenzi kadhaa vya kueleza jinsi ua linavyoharibika, na kwamba kila kimojawapo kinaweza kutumiwa kutaja dalili yenye chanzo chake na tiba yake. Nakiri kwamba katika mazungumzo ya kila siku vitenzi hivi hupishana. Mtu husema ua limenyauka ilhali limepukutika, na hakuna anayemlaumu. Hata hivyo, anayetaka ua lake lidumu hana budi kuvitenganisha, kama vile tabibu anavyotenganisha homa na kikohozi.

Ua Lililokatwa Bado ni Hai

Watunzi wetu, wa mashairi na wa nathari, wamezoea kulitumia ua kuwa ishara ya uzuri usiodumu: huchumwa asubuhi, jioni likatupwa. Ishara hiyo ina nguvu katika fasihi, lakini inaweza kutupotosha nyumbani. Hutufanya tuamini kwamba ua hufa pale linapokatwa, na kwamba yanayofuata ni mazishi tu.

Ukweli wa kibiolojia ni kwamba ua lililokatwa linaendelea kuishi. Linapumua, linatumia sukari iliyo ndani yake, linakunywa maji na kuyatoa kama mvuke kupitia majani na petali. Lililopoteza ni vitu viwili: mzizi uliolipa maji, na mmea mzima uliolitengenezea chakula kwa njia ya usanisinuru. Kwa hivyo ua mezani ni kama msafiri aliyeondoka nyumbani na akiba ndogo. Kazi ya mtunzaji ni kuhakikisha kwamba akiba hiyo haitumiki kwa pupa, na kwamba msafiri hakosi maji njiani.

Jambo linaloamua kasi ya matumizi ya akiba hiyo ni joto. Kwa kawaida, kila joto linapoongezeka kwa nyuzi 10 za selsiasi, kasi ya kupumua kwa ua huongezeka mara mbili hadi mara tatu. Hii ndiyo sababu waridi la Naivasha linaweza kukatwa, kupozwa katika chumba chenye baridi inayokaribia ile ya barafu, kusafirishwa hadi Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta, kupaa usiku kwenda Uholanzi, kuuzwa huko, na bado likadumu juma zima au zaidi mezani pa mnunuzi. Katika miaka ya hivi karibuni baadhi ya wakuzaji wamesafirisha maua kwa meli kutoka Mombasa, safari ya majuma kadhaa, ndani ya makontena yenye baridi. Waridi la aina hiyohiyo, likishinda juani katika ndoo kando ya barabara jijini Nairobi, huweza kumaliza uhai wake kwa siku tatu. Kinachoua ua, basi, si umbali wa safari. Ni joto la safari.

Kulegea: Kiu Ndani ya Maji

Dalili ya kwanza ni ile iliyoyapata mawaridi yangu. Petali bado ni laini na rangi haijabadilika, lakini shingo, yaani sehemu ya kikonyo iliyo chini tu ya ua, imepinda na kichwa kimeinama. Ua halijazeeka, lina kiu. Linaweza kupatwa na hali hii hata likiwa limesimama katika chombo kilichojaa maji.

Ili kuelewa ajabu hii, inafaa tujue maji hupandaje. Mnamo 1894, Henry Dixon na John Joly, wanasayansi wa Dublin, walieleza kwamba maji ndani ya mmea hayasukumwi kutoka chini, bali huvutwa kutoka juu. Majani yanapotoa mvuke, molekuli za maji zilizoshikamana huvutana kama uzi mmoja mrefu ndani ya mishipa myembamba ambayo wanabiolojia huiita zailemu. Shina linapokatwa hewani, uzi huo hukatika, na hewa huingia mahali pa maji. Tunapolitia shina katika chombo, kiputo cha hewa hubaki katikati kama kizibo. Maji yapo chini, kiu iko juu, na njia imefungwa.

Tiba inatokana na chanzo. Kata tena ncha ya shina, sentimita 2 au 3, huku ncha hiyo ikiwa imezamishwa ndani ya beseni la maji, ili kinachoingia katika mishipa kiwe maji badala ya hewa. Tumia kisu kikali. Mkasi butu huponda mishipa. Kwa sababu hiyohiyo, si vyema kuponda mashina magumu kwa nyundo au jiwe, ingawa desturi hiyo imeenea. Kata kwa mshazari ili ncha isilale bapa kwenye kitako cha chombo na kujiziba.

Ikiwa shingo imeshainama, baada ya kukata lilaze ua zima, kichwa, majani na shina, ndani ya beseni la maji kwa muda wa saa moja au mbili. Hivyo ndivyo alivyofanya mwalimu wangu. Kisha lisimamishe katika maji ya uvuguvugu, mahali penye ubaridi na kivuli. Mawaridi mengi yaliyolegea huinuka. Yale yaliyokatwa yakiwa machanga mno, shingo ikiwa haijakomaa, aghalabu hayainuki.

Kuvunda: Uchafu Unaoziba Njia

Kizibo cha pili hakitokani na hewa bali na bakteria. Shina lililokatwa hutoa utomvu wenye sukari, na bakteria huufurahia. Ndani ya siku mbili tatu maji huanza kuwa na ukungu, shina huteleza likiguswa, na harufu ya kuvunda husikika. Bakteria hao, pamoja na ute wanaoutoa, hujaza midomo ya mishipa. Msomaji atatambua kwamba kuvunda chini huzaa kulegea juu. Dalili mbili, mlolongo mmoja.

Kinga yake ni usafi. Chombo cha maua kioshwe kwa sabuni na kusuuzwa vizuri kabla ya kutumiwa, hata kama kinaonekana safi, kwa maana bakteria wa shada la juma lililopita hubaki katika kuta zake. Majani yote yatakayozama yaondolewe, kwa kuwa jani lililozama huoza upesi. Maji yabadilishwe kila baada ya siku mbili, na kila yanapobadilishwa shina likatwe kidogo tena. Kuongeza maji mapya juu ya yale yaliyovunda si kubadilisha maji.

Kunyauka: Kutoa Kuliko Kupokea

Kunyauka ni tofauti na kulegea. Ua lililonyauka limepungukiwa maji mwili mzima: petali zimekunjamana, majani yamekuwa membamba na makavu. Hapa njia yaweza kuwa wazi kabisa, lakini maji yanatoka haraka kuliko yanavyoingia. Wanaohusika ni jua, upepo na joto.

Usiweke maua dirishani panapopigwa na jua, chini ya feni, karibu na jiko, wala juu ya televisheni au friji, ambako joto hupanda polepole bila sisi kulihisi. Wengi wetu huyaweka hapo hasa, kwa kuwa ndipo yanapoonekana vyema. Ikiwezekana, yahamishe usiku yakalale mahali penye ubaridi zaidi, kama varanda au sakafu ya ukumbi. Kupunguza baadhi ya majani ya juu pia husaidia, kwa sababu majani ndiyo yatoayo mvuke mwingi zaidi.

Anayekata maua yake mwenyewe bustanini ayakate alfajiri, yakiwa yamejaa maji ya usiku, au jioni jua likishatua. Aende na ndoo ya maji mkononi. Ua lililokatwa saa sita mchana huanza safari likiwa na deni.

Baridi husaidia, ila si kwa maua yote. Waridi hustahimili baridi kali ya nyuzi chache tu juu ya sifuri, lakini maua yenye asili ya nchi za joto, kama okidi na anthurium, huumia yakiwekwa katika baridi iliyo chini ya nyuzi 10 hivi. Petali zake hubadilika kuwa nyeusi, na mwenye maua hubaki akishangaa jokofu lilimkosea nini.

Kudumaa na Kufifia: Njaa

Kuna matumba ambayo hayachanui. Hubaki yamefumba siku nne au tano, kisha hukauka. Hayo yamedumaa. Kuna maua mengine ambayo huchanua nusu, na rangi yake ikawa hafifu siku baada ya siku. Hayo yamefifia. Dalili zote mbili mara nyingi hueleza jambo moja, yaani akiba ya sukari imekwisha. Kuchanua ni kazi, na kazi huhitaji chakula.

Njia ya kwanza ya kukwepa njaa ni kuchagua vyema. Katika waridi, tazama sepali, vile vijani vidogo vinavyolishikilia tumba. Zikiwa bado zimelibana, tumba ni changa mno na huenda lisichanue. Zikiwa zimeachia na petali za nje zimeanza kulegeza mkumbatio, limefika.

Njia ya pili ni kulilisha. Hapa ndipo watu wengi hukosea kwa kutia sukari peke yake. Sukari hulisha ua, lakini huwalisha bakteria kwanza, na siku ya pili maji yamevunda. Chakula kamili cha maua, kama kile kinachouzwa katika vifuko vidogo, kina vitu vitatu: sukari ya kulisha, asidi ya kurahisisha upandaji wa maji, na dawa ya kuua bakteria. Mchanganyiko wa namna hiyo unaweza kutengenezwa nyumbani. Chukua lita 1 ya maji ya uvuguvugu, tia kijiko 1 cha chai cha sukari na vijiko 2 vya chai vya maji ya ndimu au limau, koroga, kisha ongeza nusu kijiko cha chai cha dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe. Ni lazima maji yote yatangulie. Dawa ya klorini isichanganywe kamwe na ndimu bila maji mengi, kwa kuwa hutoa gesi yenye sumu. Mchanganyiko huu pia usiachwe mahali watoto wanapoweza kuufikia.

Kuhusu sarafu ya shaba inayotumbukizwa chomboni, faida yake ni ndogo sana, kwani shaba ngumu huyeyuka kidogo mno katika maji. Soda nyeupe ya ndimu ina sukari na asidi, lakini haina kinga ya kutosha dhidi ya bakteria. Aspirini huongeza asidi kidogo tu. Haina chakula chochote cha kulipa ua.

Kupukutika: Hewa Isiyoonekana

Pengine kitenzi chenye siri kubwa zaidi ni hiki. Petali au matumba huanguka ghafla, moja baada ya jingine, yakiwa bado na rangi yake. Asubuhi meza imejaa petali nzuri na kijiti kimebaki uchi. Hapa hakuna kiu wala njaa. Ua limepokea amri ya kuzeeka.

Amri hiyo huletwa na gesi iitwayo ethilini. Mnamo 1901, Dimitry Neljubow, mtafiti wa St Petersburg nchini Urusi, alionyesha kwamba gesi hii, iliyokuwamo katika hewa ya taa za gesi, ndiyo iliyoharibu ukuaji wa miche ya njegere maabarani mwake. Baadaye ilibainika kwamba mimea yenyewe huitengeneza. Ndizi, maembe, parachichi na matofaa yanapoiva huitoa kwa wingi. Ndiyo sababu ndizi moja mbivu huivisha wenzake katika mfuko mmoja. Ethilini hutoka pia katika moshi wa magari na wa sigara, na katika maua yaliyokwisha kuzeeka.

Maua hayalingani katika kuiogopa. Kaneshoni huathirika upesi, na ndiyo maana wakuzaji huzitibu mapema kwa dawa yenye madini ya fedha inayozuia ethilini isifanye kazi. Mawaridi hutofautiana aina kwa aina. Kanuni, hata hivyo, ni moja: maua na matunda yaivayo yasikae pamoja, si mezani, si ndani ya jokofu. Aidha, ua lililochakaa liondolewe mara moja kutoka katika shada, kwa maana huwazeesha wenzake. Sasa msomaji ataelewa kwa nini lile sinia la ndizi lilikuwa kosa langu la pili siku ile.

Kuungua: Maji Yanayodhuru

Wakati mwingine kingo za petali hugeuka kahawia kana kwamba zimepitishwa motoni. Sababu moja ni chumvi na madini yaliyomo katika maji. Jambo hili linatuhusu Wakenya kwa namna ya pekee. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa, Nakuru na Naivasha zikiwemo, yana floraidi nyingi. Ndiyo iliyotia meno ya wengi wetu rangi ya kahawia. Floraidi hiyohiyo huyadhuru maua ya gladiola na gerbera. Anayeishi katika maeneo hayo atumie maji ya mvua katika chombo cha maua, na atashangaa kuona tofauti.

Asumini: Ua Lisilo na Shina la Kunywea

Hadi hapa tumezungumzia maua yanayokunywa kwa shina. Lakini utamaduni wa Waswahili wa pwani umejengeka zaidi juu ya maua yasiyosimamishwa chomboni. Asumini huchumwa likiwa tumba na kuunganishwa na rehani na majani mengine ya kunukia kutengeneza kikuba, au hutungwa uzini likawa koja. Halina shina la kulinywesha. Mantiki ya matunzo yake, basi, ni tofauti: kwa kuwa haliwezi kupokea maji ya kutosha, lazima tulizuie lisiyatoe.

Matumba huchumwa jioni, kabla hayajafunguka, kwa sababu asumini huchanua usiku na hapo ndipo harufu yake hutoka kwa ukamilifu. Yakikunjwa katika kitambaa chenye unyevu au katika jani la mgomba, hewa inayoyazunguka hubaki na unyevu, nayo hayakauki upesi. Kitambaa kiwe na unyevu tu, kisitiririke maji, kwa kuwa petali zilizoloa hugeuka kahawia. Mwanasayansi angeeleza jambo hili kwa istilahi za mvuke na unyevu wa hewa. Mtungaji wa vikuba hulifanya kwa mikono, bila istilahi, na matokeo ni yaleyale.

Hitimisho

Tumeona kwamba ua lililolegea linahitaji njia ya maji kufunguliwa. Lililovunda linahitaji usafi. Lililonyauka linahitaji kivuli na ubaridi. Lililodumaa au kufifia linahitaji chakula. Linalopukutika linahitaji kutengwa na matunda na moshi. Na lililoungua linahitaji maji mengine. Anayesema tu kwamba "limekufa" hana la kufanya ila kulitupa.

Kenya huuza mawaridi Ulaya kwa wingi, lakini vifuko vya chakula cha maua vinavyofuatana nayo huandikwa maelekezo kwa lugha za wanunuzi wa huko. Muuzaji wa maua mjini na mfanyakazi wa shambani wanastahili kuyasoma maarifa haya kwa lugha wanayoifahamu. Msamiati si kikwazo, kama makala haya yalivyojaribu kuonyesha. Sehemu kubwa yake tunayo tayari, katika vitenzi tulivyovizoea hata tukaacha kuvisikia. Istilahi chache kama zailemu na ethilini zimeingia bila kuivuruga sentensi. Ni wajibu wetu, wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, kuitumia lugha hii nje ya darasa la fasihi, katika kazi ndogondogo ambazo watu hufanya kwa mikono.

Nami nina deni la shada moja. Mwaka huu, tukijaaliwa kumuaga mwalimu mwingine, nitayanunua mawaridi asubuhi kama nilivyofanya awali, lakini nitakwenda sokoni na ndoo ya maji, na ndizi za wageni zitakaa chumba kingine.